Miti Arobaini na Moja

Bibi mmoja aliingia bila kubisha, akasimama mlangoni, akaanza kukung'uta theluji kwenye buti zake za zizini kana kwamba amefika kwake. Corinne Vasek aliinua kichwa kutoka kwenye mafaili. Siku tisa alikuwa amekaa katika chumba hiki cha chini cha jengo la kaunti, na hakuna aliyewahi kushuka ngazi zile isipokuwa karani, Lavonne Dietz, aliyemletea kahawa saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.

"Wewe ndiye mtu wa barabara?" bibi aliuliza.

"Mimi ni mpelelezi kutoka ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu. Naitwa Corinne Vasek. Nikusaidie nini, mama?"

"Hujanijibu."

"Ndiyo. Mimi ndiye mtu wa barabara."

Bibi akavua glavu moja, akaacha ya pili mkononi. "Arlys Ostby. Daraja lenu limepita shambani kwangu."

"Daraja ni la kaunti, Bi Ostby."

"Kaunti wanasema ni la Washington. Na huko Washington wanasema ni la nani?"

Corinne alimvutia kiti. Bibi hakukaa.

"Washington haijengi," Corinne alisema. "Kaunti ndiyo inayojenga, na inamlipa mkandarasi kwanza kwa fedha zake. Kisha jimbo linapeleka hati, na Washington inarudisha senti themanini katika kila dola. Lakini hairudishi kitu mpaka iwe imethibitishiwa kila jambo. Zege, chuma, ardhi."

"Ardhi," Arlys alisema. "Hiyo ndiyo iliyonileta. Nataka kuiona karatasi aliyosaini mume wangu."

Siku tisa Corinne hakuwa amegusa sanduku la ardhi. Barua iliyomleta katika Kaunti ya Torvik ilikuwa na mstari mmoja tu, haina jina wala anwani: *Daraja la Kijito cha Knutson si safi.* Katika miaka sita ya kazi hii alikuwa amejifunza kwamba daraja lisilo safi huwa na uchafu kwenye zege. Alipima zege. Alipekua vipimo vya maabara, akahesabu nondo kwa picha, akaenda kupima shimo la kokoto kwa kamba. Kila kitu kilikuwa safi kuliko alivyozoea kuona.

Akafungua sanduku, akatoa jalada la kiwanja namba nne, akaiweka karatasi mezani.

Ilikuwa hati fupi. Mwenye ardhi anakiri kuwa ameelezwa haki yake: kaunti ifanye tathmini ya ardhi, kisha impe bei halali kabla ya kuichukua. Anaiacha haki hiyo kwa hiari yake, na kuitoa bure eka moja na robo tatu kwa ajili ya njia ya barabara. Chini, sahihi: Orval T. Ostby, tarehe 24 Septemba 2013. Chini yake, muhuri wa mthibitishaji wa sahihi, Lavonne Dietz.

Arlys aliitazama akiwa amesimama. Hakuigusa.

"Ni mwandiko wake," alisema. "Basi." Akaanza kurudisha glavu.

"Bi Ostby. Sasa ni Novemba, elfu mbili kumi na sita. Miaka mitatu imepita. Kwa nini umekuja leo?"

"Nilisikia kuna mtu huku chini asiyesalimiwa na yeyote. Nikasema, huyo pengine hatakuwa na sababu ya kunidanganya." Alikuwa ameshafika kwenye ngazi. "Miaka thelathini na tisa Orval hakufanya jambo la shamba bila kuniuliza. Hata jogoo hakununua."

*

Huko madereva husalimiana kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani. Siku ya kwanza Corinne aliinuliwa kidole na kila gari alilopishana nalo. Siku ya tatu mji mzima ulikuwa umeshajua amekuja kufanya nini. Sasa, asubuhi ya siku ya kumi, katika maili ishirini na mbili za kwenda kwa Ostby, alipishana na magari manne. Yeye aliinua kidole mara nne.

Nyumba ilikuwa peke yake kwenye mwinuko. Upande wa magharibi miti ya kukinga upepo ilikuwa imesimama safu mbili, mirefu, imebana. Upande wa kaskazini safu ilikatika ghafla. Hapo palikuwa na visiki, kisha tuta la barabara mpya, kisha daraja. Theluji ilikuwa imepita palipokuwa na miti ikajilundika ukutani hadi nusu ya dirisha la jikoni.

Arlys alimmiminia kahawa na kumwekea lefse mbili, chapati nyembamba za viazi, zimekunjwa kwa siagi na sukari.

"Kula kwanza. Nasikia unakula soseji za kituo cha mafuta."

"Kwenye mgahawa nikikaa, meza za jirani zinahama."

"Wanakuogopa. Wanadhani utaling'oa daraja uondoke nalo."

Corinne alieleza alichokuja kutafuta: maandishi ya Orval ya mwaka ule, alinganishe sahihi. Arlys akaleta bahasha ya benki yenye hundi zilizokwisha kulipwa, akachagua nane. Corinne aliandika risiti. Kisha akafungua ukurasa mpya na kumwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

"Niseme nini? Tulipanda ile miti mwaka wa kwanza wa ndoa. Miche mia moja na kumi na miwili. Hakukuwa na mpira wa maji, Orval alichota kijitoni kwa ndoo za maziwa, majira mazima. Watu walimcheka, walisema Ostby ananyonyesha miti." Alisogeza kikombe chake kidogo. "Walikata arobaini na moja. Nilihesabu kwa mlio wa msumeno, nikiwa nimekaa hapo ulipokaa."

"Hukuwazuia?"

"Wendell Kruse alikuja na nakala ya karatasi kabla hawajaanza. Mkuu wa barabara wa kaunti, unamjua. Alisimama pale kibarazani, kofia mkononi. Nikaona jina la Orval. Nikafunga mlango."

"Mumeo hakuwahi kukutajia?"

"Hakunitajia. Tarehe ishirini na nne Septemba alikula chakula cha jioni hapa akazungumza habari za soya. Siku tisa baadaye akafa. Kwa hiyo siku tisa alikula mezani kwangu akijua ametoa miti yangu, na hakusema." Sauti yake haikubadilika. "Sijaenda kaburini kwake tangu siku ya msumeno. Jiwe ni la watu wawili, jina langu limeshachongwa, imebaki tarehe. Nimemwandikia dada yangu wa Duluth. Nitazikwa kwao."

Corinne aliandika yote, akamsomea, na Arlys akasaini chini ya kila ukurasa. Alipokuwa akivaa koti, bibi alimshika mkono wa nguo.

"Ukijua ukweli, njoo uniambie wewe. Hata kama alisaini kweli. Nisije nikaletewa barua. Barua za serikali nimepata za kutosha, zote zinaanza kwa kunishukuru."

Kanuni ya ofisi ilikuwa wazi: shahidi haambiwi matokeo ya uchunguzi.

"Nitakuja," Corinne alisema.

"Lini?"

"Siku nitakayojua."

"Hiyo ni ahadi, binti?"

"Ni ahadi."

*

Hundi nane hazikumsaidia. Alizipanga chini ya taa ya mezani, akazikagua kwa kioo cha kukuza mpaka macho yakauma. Mkia wa herufi ya mwisho ulipanda vilevile, mkato wa T ulikaa palepale. Kama kuna mtu aliyeiga, alikuwa amemjua Orval miaka mingi na alikuwa na nafasi ya kufanya mazoezi. Au Orval alisaini mwenyewe, na bibi alikuwa na haki ya kwenda kuzikwa Duluth.

Akaiacha sahihi. Akatoa hati za viwanja vingine vitatu vya mradi uleule. Zote zilikuwa za Septemba ileile ya 2013, zote zimegongwa muhuri wa Lavonne. Akaziweka kwenye mstari pamoja na hati ya Orval, akaanza kusoma kila kilichoandikwa, kuanzia juu kushuka, hata vile ambavyo hakuna mtu huvisoma.

Kwenye muhuri, chini ya jina la mthibitishaji, kulikuwa na mstari mdogo: *Idhini yake inakwisha tarehe.* Kwenye hati tatu ilikuwa 11 Machi 2014. Kwenye hati ya Orval Ostby ilikuwa 11 Machi 2018.

Alisoma tena zote nne. Jimbo hutoa idhini ya miaka minne, na kila idhini huja na muhuri wake. Muhuri wa 2018 usingeweza kuwapo kabla ya Machi 2014. Wakati huo Orval alikuwa chini ya jiwe lake kwa miezi mitano.

Saa tisa Lavonne alishuka na kahawa.

"Kaa kidogo, Lavonne."

"Nimeacha simu inaita huko juu."

"Iache iite."

Lavonne alikaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Katika kaunti nzima ni yeye tu aliyekuwa amemuuliza Corinne kama chumba chake cha hoteli kina joto.

Corinne alimsogezea hati mbili. "Nisomee tarehe zilizo kwenye mihuri."

Lavonne alivaa miwani, akasoma. Akaivua.

"Huo wa pili ulianza kutumika lini?"

"Machi. Elfu mbili kumi na nne."

"Na Orval Ostby alifariki lini?"

"Tarehe tatu Oktoba kabla yake. Viazi vya matanga nilioka mimi."

"Ulimwona akisaini?"

"Binti, hapa simwoni mtu akisaini. Wananipigia simu. 'Lavonne, nimesaini, nimeiacha mezani kwako.' Nazijua sauti zao tangu tuko darasa la kwanza. Sasa nimwambie mtu aendeshe maili thelathini kwenye barafu aje anionyeshe uso ninaoujua? Nagonga."

"Na hii?"

"Wendell alileta karatasi saba kwa pamoja. Nikagonga saba. Jioni naosha vyombo ndipo jina likanijia. Nikasema, Lavonne, umemthibitisha marehemu."

Corinne aliangalia mstari wa kwanza wa daftari lake, alipokuwa amenakili ile barua.

"Wewe ndiye uliyeandika barua isiyo na jina," alisema.

Lavonne alipangusa miwani kwa pindo la sweta. "Nilidhani mtaanza na ardhi," alisema. "Mkaanza na zege. Siku tisa za zege! Nakuletea kahawa, najiuliza, huyu mtoto atamaliza lini hilo zege."

"Ungeniambia."

"Wendell amemuoa dada yangu. Kuandika niliweza. Kusema sikuweza." Akasimama, akaitazama kahawa iliyokuwa bado haijaguswa. "Kesho nani atakuletea?"

*

Wendell Kruse alikuwa chali chini ya greda katika karakana ya kaunti. Buti zake tu ndizo zilizoonekana.

"Mzee Kruse, nina maswali kuhusu kiwanja namba nne. Si lazima unijibu. Una haki ya kuwa na wakili."

Spana ilinyamaza. Baada ya muda akajivuta nje, akaketi sakafuni, mgongo kwenye gurudumu. Alikuwa na miaka sitini na tatu, nyusi nyeupe, mafuta meusi hadi kwenye viwiko.

"Lavonne amenipigia jana usiku," alisema. "Alilia, halafu akanitukana, halafu akaniuliza kama nimekula. Uliza."

"Nani aliandika jina la Orval Ostby?"

"Mimi. Machi, mezani pale. Nilikaa naye kwenye baraza la kata miaka ishirini na sita, sahihi yake naijua kuliko yangu."

"Kwa nini Machi?"

"Jimbo liliandika. Walitaka hati ya kila kiwanja, la sivyo hawapeleki madai Washington. Na sisi tulikuwa tumeshamlipa mkandarasi awamu ya kwanza kwa mkopo wa benki. Hii kaunti ina watu elfu moja na mia nne na magreda mawili. Moja ni hili."

"Lakini tarehe thelathini Septemba ulikuwa umeshaliandikia jimbo kwamba ardhi yote imepatikana."

"Nililiandikia."

"Wakati kiwanja namba nne huna hati."

"Huku kwanza uzio, karatasi baadaye. Unasimama na mtu kwenye uzio wake, mnakubaliana, mnapeana mkono. Karatasi anakuja kusaini akimaliza mavuno. Miaka thelathini na moja nimefanya hivyo, na hakuna mtu aliyewahi kuninyima kipande cha barabara. Hata mmoja."

"Orval alikupa mkono?"

Wendell alichukua kitambaa, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Jumanne tarehe ishirini na nne. Nikamwambia nataka eka moja na robo tatu, na miti iliyo juu yake. Akaitazama ile miti muda mrefu. Akasema, 'Siwezi kukujibu, Wendell. Lazima nimuulize Arlys kwanza. Ila leo si siku ya kumuuliza, na kesho pia si siku yake. Acha nitafute maneno.' Akasema akipata jibu atakuja Ijumaa."

Corinne aliandika, akauliza bila kuinua macho: "Ni maneno yake hayo?"

"Ni maneno yake."

"Na Ijumaa?"

"Hakuja. Mvua ilikuwa inakuja, kila mtu yuko kwenye soya. Jumatatu ilikuwa tarehe thelathini. Unajua tarehe thelathini ni nini."

"Nieleze kwa ajili ya kumbukumbu."

"Mwaka wa fedha wa Washington unafunga. Ama fedha zimefungwa kwa jina la daraja lako, ama zinarudi chunguni na wengine wanachota. Sisi tulisubiri chungu hicho miaka kumi na mmoja. Daraja la zamani lilikuwa halibebi zaidi ya tani tatu. Basi la shule lilikuwa linazunguka maili kumi na tisa kwa ajili ya watoto saba, kwenye theluji, gizani. Nikajiambia Orval atakuja tu, ni mtu wa neno lake. Nikasaini." Alikunja kile kitambaa mara nne. "Alhamisi wakamkuta kwenye mashine ya kuvunia. Injini bado inaunguruma."

"Baada ya hapo ungeweza kwenda kwa mjane. Ungefanya tathmini, ungempa bei halali. Sheria inakupa njia hiyo."

"Ningelazimika kusema kwamba Septemba nilidanganya."

"Ndiyo."

"Basi unajua kwa nini sikwenda."

Alitaka kuandika maelezo yake mwenyewe, kwa mkono wake. Yalijaa kurasa nne. Alipofika pale kwenye maneno ya Orval alisimama, akafikiri, akayaandika polepole, kisha akasaini jina lake. Corinne akaweka tarehe na saa.

"Arlys anajua?" Wendell aliuliza.

"Hapana."

"Kila theluji ikianguka nasafisha njia yake na greda hadi mlangoni. Si kazi ya kaunti ile. Anaona taa zangu, hatoki. Majira matatu ya baridi sasa." Akalala tena chini ya greda, akanyoosha mkono kutafuta spana. Corinne aliisukuma kwa ncha ya kiatu ikamfikia.

*

Mkuu wake, Pruitt, alisikiliza taarifa yote kutoka Denver bila kumkatiza.

"Kazi nzuri, Vasek. Skani kila kitu, funga chumba, njoo nyumbani."

"Nimependekeza kaunti ifanye tathmini sasa na impe mjane bei halali. Washington ikate gharama ya kiwanja namba nne tu, daraja libaki."

"Daraja la dola milioni mbili na laki nne. Wataamua wao. Pengine watakusikiliza, pengine hapana."

"Na nina mahali pa kupita kabla sijaondoka. Kwa Bi Ostby. Nilimwahidi nitamwambia nikishajua."

Corinne alimsikia Pruitt akifunga mlango wa ofisi yake.

"Ahadi hiyo haikuwa yako kuitoa."

"Ni kweli."

"Ni shahidi mkuu. Ukimweleza alichosema Kruse, wakili yeyote atasimama na kusema ushahidi wa bibi umeupika wewe."

"Maelezo yake niliyachukua juzi. Yamesainiwa kila ukurasa, kabla sijajua chochote."

"Haitoshi, na unajua haitoshi. Ataandikiwa barua wakati ukifika."

"Lini?"

"Mwaka mmoja. Miwili. Corinne, nisikilize. Mwezi wa tano unaomba kuongoza kituo cha Omaha, na barua ya mapendekezo naiandika mimi. Ukikanyaga kibaraza cha yule mama, kesi naichukua leo, na barua hiyo siwezi kuiandika. Sikutishi. Nakwambia kitakachotokea."

"Nimekuelewa, bosi."

"Kwa hiyo unakuja nyumbani."

"Ana miaka sabini na minane," Corinne alisema. "Nakuja Jumatatu, na mafaili."

Barabarani alipishana na lori moja la ng'ombe. Upepo ulikuwa umegeuka, unavuka lami kutoka kaskazini, na palepale safu ya miti ilipokatika gari liliyumba. Njia ya kwenda nyumbani kwa Arlys ilikuwa imesafishwa upya hadi mlangoni.

Alizima injini, akafungua daftari la kumbukumbu kwenye usukani. Akaandika tarehe, akaandika saa, na maneno *nimemweleza shahidi*. Akayatazama. Akayakata kwa mstari mmoja, akalifunga daftari, akashuka.

Arlys alifungua kabla hajabisha. Alimtazama usoni, kisha akarudi nyuma mpaka akafika kwenye kiti, akakaa.

"Sema hivyo hivyo umesimama," alisema. "Usinizungushe."

"Hakusaini. Jina liliandikwa na Wendell Kruse, miezi mitano baada ya mumeo kufariki. Orval hakuitoa ile miti."

Bibi hakusogea.

"Wendell alimwomba kwenye uzio. Orval akamwambia hawezi kumjibu, lazima amuulize Arlys kwanza. Akasema leo si siku ya kumuuliza, na kesho pia si siku yake. Akasema, 'Acha nitafute maneno.'"

Friji ilinguruma, ikanyamaza. Arlys alikuwa ameviweka viganja vyote viwili juu ya meza, vimetandazwa, kama mtu anayezuia kitambaa kisipeperuke.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa alikuwa anatafuta maneno." Kisha: "Rudia."

Corinne alirudia, polepole, neno kwa neno, kama yalivyoandikwa na Wendell.

"'Si siku ya kumuuliza,'" Arlys alisema. "Ni kweli. Wiki ile nilikuwa nimemnunia. Alikuwa ameniachia lango wazi, ndama wakaingia kwenye kabichi." Alicheka kidogo kwa pua, akajifuta macho kwa kiwiko, akacheka tena. "Mwoga yule. Mwoga mkubwa yule."

Corinne alivuta kiti cha pili, akakaa, akafungua daftari mahali palipokuwa na mstari uliokatwa.

"Unaandika nini?"

"Kwamba nimekwambia."

"Unalazimika?"

"Nimefanya, kwa hiyo naandika."

"Watakufanya nini?"

"Kesi hii atapewa mtu mwingine. Na kuna kazi niliyokuwa naitaka, sitaipata."

Arlys alimtazama kwa makini, kama alivyoitazama ile karatasi siku ya kwanza. Hakusema pole, wala asante. Akavuta sahani ya lefse akaisogeza hadi ikagusa daftari.

"Basi weka saa sahihi," alisema. "Usifuate hiyo ya ukutani, inakwenda mbele dakika kumi. Orval aliitaka hivyo."

Corinne alitazama saa ya mkononi mwake, akaandika.